Kupiga kambi na familia na mbwa jirani na eneo la mafunzo ya jeshi, Bagamoyo: mwongozo kamili

Mtu mzima akiona kibao cha "ENEO LA JESHI" anageuza. Mbwa hasomi kibao. Akimwona ngedere anachomoka, na mtoto wa miaka saba anamfuata mbio huku akimwita kwa jina. Hivyo ndivyo familia inavyojikuta upande wa pili wa mpaka bila mtu yeyote kukusudia. Kwa sababu hiyo karibu kila uamuzi humu, kuanzia mahali pa kusimamisha hema hadi saa ya kuwalisha watoto, umepangwa kumzunguka mbwa. Paka abaki nyumbani. Akishtuka kwa mshindo hapatikani tena, na hakuna kamba atakayoikubali siku mbili.

Eneo lenyewe

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, baada ya Bunju unaingia Mapinga, kisha Kerege na Zinga kabla ya mji. Mapinga ndipo kilipo kituo cha mafunzo cha Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018. Julai na Agosti 2024 eneo hilo lilitumika kwa zoezi la Amani Umoja, lililoshirikisha majeshi ya Tanzania, China na Msumbiji, nchi kavu na baharini. Upande wa bara, barabara ya Bagamoyo–Makofia–Msata, yenye kilomita 64, inakupeleka Msata, ambako nako kuna mafunzo ya kijeshi. Kwa walio mkoa wa Tanga, yanayosemwa hapa yanafaa vilevile kwa mashamba ya jirani na vikosi vya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kama Mgambo kule Kabuku na Maramba kule Mkinga.

Siku za kawaida hutaona tofauti yoyote. Siku ya mafunzo utaona malori ya jeshi, utasikia risasi na mishindo, na wavuvi wanaweza kuambiwa wasipite sehemu fulani ya bahari. Risasi ya bunduki ya 7.62, ile ya jamii ya AK, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili kabla ya kuanguka. Jeshi hupanga uwanja wa shabaha kwa kuzingatia hilo, na eneo lililo nyuma ya shabaha huachwa tupu makusudi. Pori linaloonekana halina mtu wala shughuli ndilo linaloweza kuwa upande wa kuangukia risasi. Ukimya wake usikudanganye kwamba hapo ndipo pazuri pa kulala.

Vijia vya miguu navyo hudanganya. Wakata kuni, wachoma mkaa na wachungaji hupita kila mahali, na wanajua siku gani wasipite. Wewe hujui. Kijia kilichokanyagwa vizuri hakimaanishi kwamba kupita kunaruhusiwa, na dereva wa bodaboda anayekuambia "hapa tunakatiza tu" anasema kweli kwa upande wake.

Mahali pa kulala

Chaguo la kwanza ni nyumba ya wageni au kambi ya ufukweni yenye uzio inayopokea mahema. Piga simu mapema uulize kwa kumtaja mbwa waziwazi: "Mnapokea mbwa wa kilo 25, atakayefungwa muda wote?" Ukiuliza kijuujuu tu kama wanapokea "wanyama", utakubaliwa kwenye simu na kukataliwa getini.

Chaguo la pili, na kwa familia yenye mbwa ndilo tunalolipenda zaidi, ni shamba la mtu unayemfahamu au uliyeunganishwa naye: minazi, korosho au maembe, ardhi inayolimwa kila msimu. Ardhi iliyolimwa miaka mingi imekwisha kupekuliwa na jembe. Uwezekano wa kukuta kitu kilichozikwa humo ni mdogo zaidi, na miti ya kufungia kamba ipo.

Chaguo la tatu, ufukwe wa wazi, tunalikataa kwa hesabu moja tu. Pwani hii maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne, na kwa kuwa ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare, bahari hukimbia mbali sana. Uzio au kibao kilichoishia kwenye alama ya maji kujaa hakizuii kitu maji yanapokupwa: mbele ya kibao panafunguka uwanja mpana wa mchanga, na mbwa na watoto wanaokota kome hadi wanauzunguka mpaka wote bila kuuona. Ukilazimika kulala karibu na bahari, waulize wavuvi saa za maji. Bamvua huja siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na saa za kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Hema liwe juu ya mstari wa majani makavu ya bahari, upande wa bara kabisa.

Saadani usiifikirie. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na mbwa haruhusiwi kuingia. Kingo za mto Ruvu na Wami nazo ziache: kuna mamba na viboko, na mbwa anayekunywa maji ukingoni ndiye mawindo rahisi kuliko wote.

Kwa majira, Juni hadi Oktoba ndio wakati mzuri. Masika, Machi hadi Mei, barabara za mashambani hukunasa, na kunaswa na gari usiku karibu na mpaka wa jeshi si jambo la kutaka.

Ruhusa, wiki mbili kabla

Watu wawili wanatosha: mwenye ardhi na serikali ya kijiji au mtaa. Anza na mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji. Jeshi likitaka wananchi wajue kuhusu zoezi, taarifa hupitia kwenye ofisi hizo, kwa hiyo hapo ndipo pa kuulizia ratiba. Usiende getini kwa jeshi kuuliza ratiba ya mazoezi, utaulizwa wewe.

Ujumbe wa simu unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mzee. Naitwa fulani, natokea Tegeta. Naomba kuja na familia, watu wazima wawili na watoto watatu, pamoja na mbwa mmoja mwenye chanjo. Tutalala shambani kwa mzee fulani kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Gari ni Noah, namba hizi hapa. Naomba utujulishe kama kuna zoezi la jeshi siku hizo, na mpaka wa jeshi umeanzia wapi."

Mara nyingi utajibiwa, "Njoo tu, hakuna shida." Hilo ni karibisho, bado si jibu. Uliza swali la pili, linalomlazimu mtu kutaja mahali: "Wakata kuni wa hapa mwisho wao ni wapi?" Utatajiwa mbuyu, korongo, au nguzo ya umeme. Hiyo ndiyo alama yako. Omba mtu wa kijiji akupitishe kwa miguu uione kabla hujashusha mzigo, ukiwa na watoto wakubwa, mbwa akiwa amebaki kwenye gari na mtu mzima. Kisha weka kambi angalau kilomita moja kutoka hapo, na upande usioelekea uwanja wa shabaha. Ukipata kilomita tatu, bora zaidi.

Mwombe mtendaji barua fupi yenye muhuri: majina ya watu wazima, idadi ya watoto, namba ya gari, mahali na tarehe. Piga nakala mbili. Moja ikae kwenye gari, nyingine hemani.

Mbwa anayefaa kwenda, na asiyefaa

Mbwa anayejificha chini ya kitanda fataki za mwaka mpya zikipigwa asiende. Hapo hakuna mjadala wala dawa. Anayeshtuka kisha akatulia anaweza kuzoezwa, na kazi hiyo huchukua kama wiki mbili. Tafuta sauti ya radi au milipuko kwenye simu, icheze kwa sauti ndogo kabisa wakati anakula, dakika tano asubuhi na tano jioni. Kila siku mbili ongeza kidogo. Akiacha chakula, akihema ulimi nje bila joto au akitetemeka, umeongeza haraka mno; rudi ngazi mbili nyuma. Wengi hukosea kwa kuanza na sauti kubwa "ili azoee", na anachozoea mbwa huyo ni kukimbia.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imechomwa angalau mwezi mmoja kabla kama ndiyo ya kwanza, na isiwe imepitiliza mwaka. Beba kadi yenyewe. Picha kwenye simu hufa pamoja na chaji. Mwambie daktari wa mifugo unakwenda pwani ya Bagamoyo, akupe dawa ya kupe na ya minyoo ya moyo, ambayo huenezwa na mbu.

Halafu vifaa vya kumfungia. Mbwa aliyepaniki hurudi kinyumenyume, na ukanda wa shingo humvuka masikio kirahisi. Mvalishe viwili: ukanda wa shingo unaopitisha vidole viwili tu, na ukanda wa kifua. Kamba ishikwe kwenye ukanda wa kifua, na kipande kifupi kiunganishe ukanda wa kifua na wa shingo, ili kimoja kikitoka kingine kibaki. Kwenye ukanda wa shingo andika namba mbili za simu kwa wino usiofutika, moja ya mtu aliye kambini na nyingine ya mtu aliyebaki mjini.

Vya kubeba, na vya kuacha

Tuanze na vya kuacha, maana hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Nguo zote za mabaka au zinazofanana na sare za jeshi zibaki, pamoja na kofia, begi, turubai na suruali ya mtoto iliyonunuliwa mtumbani. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi ya aina hiyo, na karibu na kambi hakuna atakayesikiliza kwamba ni fasheni. Bunduki za plastiki za watoto zibaki. Fataki zibaki. Darubini ibaki. Droni ibaki hata kama una kibali cha kuirusha kwingine.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu watano, Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana, ni kama lita 45. Mbwa wa kilo 25 anahitaji lita moja na nusu siku ya kawaida, na kwa joto la pwani mhesabie lita tatu. Madumu matatu ya lita 20 yanatosha wote. Ya kufulia na kuogea nunua kijijini.

Beba pia:
- jiko la gesi la mtungi mdogo, au jiko la mkaa lenye miguu;
- vyandarua vyenye dawa, kimoja kwa kila watu wawili;
- viroba tupu 10 na koleo fupi;
- kamba ya nailoni ya milimita 10, mita 15, na nyingine ya akiba;
- mnyororo mwepesi wa sentimita 50, ringi mbili za chuma, na kiungo kinachozunguka ili kamba isijisokote;
- tochi mbili za kawaida, pawabenki, filimbi moja kwa kila mtoto;
- ndoo yenye mfuniko na nusu kiroba cha maranda kwa choo cha usiku;
- sabuni ya kipande, bandeji, chumvi na sukari za kuchanganya maji, kibano cha kung'olea kupe.

Kwenye sanduku la dawa tenga za watu na za mbwa. Panadol humuua paka na inaweza kumdhuru mbwa, na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa. Valium ya nyumbani usimpe. Kipimo chake ni cha daktari. Mifuko ya plastiki usibebe, imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Taka ziingie kwenye viroba.

Kusimamisha kambi

Fika saa tisa alasiri, usifike magharibi. Mpangilio wa kazi ni huu, na usiugeuze.

Kwanza, mbwa hashuki. Mtu mzima mmoja anabaki naye kwenye gari, milango wazi, kivulini. Ukifunga vioo juani, ndani hupita nyuzi 40 kwa dakika kumi tu.

Pili, kagua ardhi kwa miguu, nusu eka hivi. Tafuta mashimo ya nyoka, siafu, nazi zilizoiva juu ya kichwa, na chuma chochote usichokijua.

Tatu, geuza gari litazame barabara na ufunguo uwe na mahali pamoja panapojulikana na watu wazima wote.

Nne, funga kamba ya mbwa kabla ya hema. Chagua minazi miwili iliyoachana mita 8 hadi 10. Funga kamba ya nailoni juu, mita mbili kutoka ardhini, ikazwe hasa. Pitisha ringi kabla ya kufunga upande wa pili. Piga fundo nene mita tatu kabla ya kila mti, ili ringi ikomee hapo. Bila fundo hilo mbwa atauzunguka mnazi mpaka akabwe. Kamba ya kushuka iwe mita tatu. Kwa urefu huo anafika takriban mita mbili na nusu kila upande wa kamba ya juu, kwa hiyo jiko liwe mita tano kutoka hapo na vyombo vya chakula vivyo hivyo. Nusu mita ya mwisho iliyo karibu na mdomo wake iwe mnyororo. Kamba ya katani, hata ile nzuri ya Tanga, ifungie hema. Mbwa huitafuna usiku mmoja ikakatika.

Ukimaliza, ning'inia wewe mwenyewe kwenye ile kamba ya juu. Ikikushikilia, itamshikilia.

Tano, hema. Kwenye mchanga vigingi having'ang'anii, na upepo wa kusi hung'oa hema mchana kweupe. Jaza viroba mchanga, kilo tano hadi kumi kila kimoja, fungia kamba ya hema shingoni mwa kiroba, kifukie sentimita 40 na ushindilie kwa miguu. Kwenye ardhi usiyoijua historia yake usichimbe wala usigonge vigingi. Viroba vikae juu ya ardhi, vikubwa zaidi, kilo 20 hivi, au funga kamba kwenye miti. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kwa hiyo jiko liwe kaskazini magharibi mwa hema, moshi na cheche ziende mbali nawe.

Moto wa kuni moja kwa moja juu ya udongo hatuupendekezi hapa. Kitu kilichozikwa chini ya moto hupata joto saa nzima bila mtu kujua, na majani makavu ya Agosti yanatosha kuwasha pori lote. Jiko lenye miguu linamaliza mambo yote mawili.

Sita, mbwa anashuka akiwa tayari amefungwa kamba ya mkono, anatembezwa kukojoa, kisha anahamishiwa kwenye kamba ya juu. Funga mpya kwanza, ndipo ufungue ya zamani. Kati ya kufungua na kufunga ndipo wanapochomokea.

Mbwa mbele za wenyeji

Bagamoyo ni mji wa Kiislamu tangu enzi za Kaole, na kwa walio wengi mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichoramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa hiyo usimtwike mwenyeji wako kazi hiyo. Bakuli la mbwa liwe lake, liwe na alama, lisioshwe kwenye bomba la kijiji. Mgeni akija kukusalimu, fupisha kamba kabla hajafika, usimwambie "haumi huyo". Njia ya kwenda msikitini usimpitishie mbwa, hasa kabla ya swala. Ukiyafanya hayo bila kuambiwa, wenyeji ndio watakaokuja kukuambia kesho yake kuna zoezi.

Kinyesi chake kiokote kila mara. Ufukweni mwangalie asilambe kitu kilichokufa: samaki bunju aliyekaushwa na jua bado ana sumu inayoua mbwa. Konyeza, yule wa baharini anayewasha, naye aachwe.

Mlio ukianza

Walishe watoto kabla ya jua kuzama na umtembeze mbwa mapema, kwa sababu baadhi ya mafunzo hufanyika usiku. Ukisikia mshindo wa mbali, mtu mzima mmoja aende kwa mbwa, akae naye chini, asimfokee. Kisha ahamishiwe kwenye gari, vioo vimeshushwa kidogo, redio ikisema. Gari ni bora kuliko hema. Mbwa aliyepaniki hupasua turubai.

Watoto wape kazi ya kuhesabu. Ukiona mwako, hesabu sekunde hadi mshindo ufike, kila tatu ni kilomita moja. Kumi na tano ni kilomita tano, laleni. Chini ya sita, mko karibu kuliko mnavyopaswa kuwa, na asubuhi mnahama. Mlio mkali unaopita juu ya kichwa kama fimbo kavu inayokatika, ukifuatwa na mshindo mdogo wa nyuma, ni risasi iliyokupitia. Wote chini, nyuma ya upande wa injini ya gari au kwenye mfereji, mpaka ukimya uingie. Kisha ondokeni kwa kuelekea kijijini na mwambieni mwenyekiti usiku huohuo.

Bendera nyekundu iliyopandishwa kwenye nguzo, au taa nyekundu usiku, ni ishara kwamba uwanja wa shabaha unatumika. Usisubiri kusikia kitu.

Mbwa akivuka

Hapa ndipo mtu mzima naye hupoteza akili, kwa hiyo kubalianeni kabla. Filimbi ndefu moja, watoto wote wanakimbilia garini na kukaa. Hakuna anayemfuata, hata hatua kumi. Mtu mmoja anasimama upande wenu wa alama na kuita kwa sauti ya kawaida, akitikisa bakuli la chakula. Ukimkimbilia, mbwa anaona ni mchezo au anaona unamfukuza. Acha shati ulilolivaa mahali alipovukia, pamoja na maji. Wengi hurudi wenyewe giza likiingia na kelele zikiisha, wakifuata harufu.

Baada ya nusu saa, mpigie mwenyekiti. Yeye ndiye atakayejua nani wa kuzungumza na jeshi, na kama kuna njia ya kwenda getini kueleza. Ukienda, nenda na mtu wa kijiji, mchana, kwa barabara kuu, na picha ya mbwa iliyopigwa mjini.

Chuma usichokijua

Novemba 2017, wilayani Ngara, bomu la mkono lililookotwa kama chuma chakavu lililipuka katika shule ya msingi Kihinga na kuua wanafunzi. Waambie watoto habari hiyo kwa maneno hayohayo, bila kuilainisha, kabla hamjaondoka nyumbani. Kutu si dalili ya usalama. Kitu cha zamani kinaweza kuwa kikali zaidi.

Mtoto akiona chuma chenye umbo la yai, la mcheduara au lenye mapezi nyuma, anasimama na kupiga filimbi. Hagusi, hatupii jiwe, haweki kijiti. Mnarudi kwa kukanyaga nyayo zenu zilezile. Kwa umbali wa mita mia moja au zaidi, funga kitambaa kwenye mti, kariri mahali, ndipo upige simu 112. Mbwa naye huokota vitu mdomoni. Hiyo ni sababu nyingine ya kumfunga. Maganda ya risasi usichukue kumbukumbu hata moja. Yakikutwa kwenye begi lako utaulizwa risasi ziko wapi.

Askari wakija

Fupisha kamba ya mbwa kwanza, au mfungie garini. Watoto wakae chini. Mtu mzima mmoja asimame mahali pa wazi, mikono ionekane, aseme: "Habari za kazi, afande. Tuko hapa kwa ruhusa ya mzee fulani na ofisi ya kijiji, barua hii hapa." Kitambulisho cha NIDA kiwe tayari. Simu zote mfukoni. Hata ya kutazama saa hudhaniwa inarekodi, na kupiga picha maeneo na watu wa jeshi ni kosa. Mkiambiwa mhame, msibishane habari za barua. Watoto, mbwa, maji, ndipo hema. Viroba vya mchanga viacheni, mtavifuata mchana.

Ukiwa na gari usiku ukakuta kizuizi, zima taa kubwa, washa ya ndani, simama mbali kidogo na usubiri kuitwa.

Mkirudi

Mpekue mbwa siku hiyohiyo: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kupe ang'olewe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, kwa kuvuta taratibu bila kuzungusha. Usimchome wala kumpaka mafuta ya taa. Kama mlipita upande wa Saadani au mapori ya Makurunge, jueni kuna mbung'o, ambao huvutwa na vitambaa vya bluu na vyeusi na huambukiza mbwa nagana. Mbwa akikataa chakula, akiwa na homa, fizi zimepauka au jicho limeingia ukungu ndani ya wiki tatu nne, mwambie daktari alikuwa wapi, maana bila hilo atatibu kitu kingine.

Aliyeng'atwa na mbwa wa mtaani au ngedere aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa sindano za kichaa cha mbwa. Na mtoto akipata homa wiki moja au mbili baada ya safari apimwe malaria kabla ya kupewa dawa yoyote.